Juhani Hakupoteza Vyeti

Kihesa, Iringa
Jumamosi, saa nane mchana

Yusta mwanangu, kamwene.

Mmeondoka asubuhi kwenda Nyololo kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua mwanamke yule hamtarudi kabla ya magharibi, maana hatawaachia mlango mpaka mle mara mbili. Nyumba imebaki kimya. Nimefagia ua ambao haukuwa na uchafu, nimekunja upya nguo za watoto ambazo ulikwisha kuzikunja, mwishowe nikaona najizungusha bure. Nimeifunika mashine yangu ya kufumia masweta, nimekaa mezani na daftari la Elina ambalo lina kurasa zilizobaki. Ukiona hesabu za kutoa pembeni, si zangu.

Sikuandikii kukukumbusha soksi. Masweta yote manne yamo begini, la Eliasi nimeliacha mikono mirefu kwa sababu anakua kila ukimpa kisogo. Kadi za chanjo, nani akae dirishani kwenye ndege, nani abebe nini, hayo mnayajua na mengine mtayajulia hukohuko. Nina jambo moja tu, na nitalisema sasa hivi kabla sijapata nafasi ya kulizungushia maneno, kwa sababu unanijua kwa kuzungusha.

Mumeo hakupoteza vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nilivificha mimi.

Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi, nimekuta sentensi bado ipo. Sasa nivumilie nieleze. Sikuombi unielewe upesi, naomba tu ufike mwisho wa barua.

Nianzie siku ile Juhani alipokuja kujitambulisha. Wewe ulikuwa unauza vipuri kule Chimala, yeye akiwa fundi wa pampu za mashamba ya mpunga, na uliniambia kwenye simu kwamba unaleta mgeni. Hukusema mgeni wa namna gani. Nikaona anashuka kwenye gari mtu mrefu, kaiva kwa jua, na kabla sijamaliza kumtazama amekwisha fika, amenikumbatia. Mimi! Mama mkwe! Mbele ya shangazi yako na wazee wa jumuiya yetu ya kanisa, mchana kweupe. Sahani ya karanga ikanitoka mikononi.

"Ee! Mzungu kamshika mkwe wake!" shangazi yako akapiga ukelele mpaka majirani wakachungulia.

Nilikimbilia jiko la nje nikajifungia. Nyuma yangu nasikia watu wanacheka, wewe unalia, na yeye anauliza kwa Kiswahili chake cha siku zile, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?"

Ilipita miaka ndipo ukaniambia kwamba kwao Finland watu hawakumbatiani ovyo, kwamba hata kituoni wakisubiri basi kila mtu husimama mbali na mwenzake. Maskini alijilazimisha. Kuna mtu alimwambia Waafrika hupenda kukumbatiwa, naye akapiga moyo konde, akaenda kumkumbatia mtu mmoja katika mkoa mzima wa Iringa ambaye hakutakiwa hata kumgusa. Nikikumbuka sasa nacheka peke yangu hapa mezani.

Mila yenyewe unaijua, ila nitaitaja, maana huenda Elina akikua akaisoma barua hii. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akija njia hii, mimi napita ile. Tukiwa na la kuambiana tunamtuma mtu wa katikati. Si chuki, ni heshima, na nilimwona mama yangu akimfanyia baba yako vivyo hivyo, akitokea mlango wa nyuma kila baba yako alipoingia kwa wa mbele. Wewe ulimweleza Juhani, na akaelewa haraka kuliko tulivyotegemea. Tangu siku ile akifika kwangu hukohoa getini kwanza, ili nipate muda wa kuondoka. Nadhani ilimfaa kabisa.

Elina alipoanza kuongea ndiye akawa mtu wetu wa katikati. Mimi niko jikoni, baba yake yuko upande wa pili wa ua anatengeneza kitu, namwambia mtoto, "Kamwambie baba yako asiache viatu vyenye tope mlangoni kwangu." Mtoto anakimbia, anamwaga Kifini kile chenye maneno marefu kama treni, na baba yake anatabasamu, anainamisha kichwa kuelekea upande wangu bila kunitazama. Nikawa najiuliza ni mtu wa aina gani huyu anayefurahia kusemwa. Siku moja nikambana mtoto.

"Hivi huwa unamwambiaje baba yako?"

"Namwambia bibi anasema pole na kazi. Halafu viatu."

"Mimi nimesema pole na kazi?"

"Hukusema bibi, lakini ulikuwa unataka kusema."

Sikuwa nataka kusema. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kwa mama yangu ile mila ilikuwa heshima. Kwangu mimi ilikuwa pazia. Nilimkwepa Juhani kwa sababu sikumpenda, na sikumpenda kwa sababu nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mtu huyu ana kwao, na ipo siku atarudi kwao, na akirudi hatarudi peke yake. Kila nilipomwona niliona ndege. Mila ikanipa namna ya kumkataa bila mtu kunilaumu. Tena jumuiya walinisifu, wakasema Mama Yusta anashika mila hata kwa Mzungu. Nilisifiwa, mwanangu, na sifa nilizipokea.

Mwaka jana mkataba wake wa Chimala ukaisha. Mkafunga nyumba yenu ya Mbeya, mkaja kukaa kwangu wakati mnashughulikia karatasi, kwa sababu alikuwa amepata kazi kwao, ya kufundisha ufundi shuleni. Vilihitajika vyeti halisi vya kuzaliwa vya watoto wote wawili. Jioni Juhani akaviweka ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati la vyombo ili asubuhi asafiri navyo kwenda Dar. Asubuhi havikuwepo.

Sikupanga. Niliamka kuwasha moto kama siku zote, nikaiona bahasha, mkono ukaenda wenyewe. Nikaizamisha ndani ya pipa la maharage mpaka kiwiko kikaingia. Nilijiambia ni siku mbili tatu tu, nipate kuzoea wazo la kuondoka kwenu. Kisha mkaanza kutafuta, na nilipoona mnavyotafuta nikaogopa kusema, na kadiri nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Unakumbuka kwamba nilitafuta pamoja nanyi? Niligeuza godoro langu mwenyewe. Nilipiga magoti nikamwomba Mtakatifu Antoni, kwa sauti, watoto wakiitikia. Eliasi aliniuliza Antoni ni nani, nikamwambia ni mtakatifu anayesaidia kutafuta vitu vilivyopotea, na uso wangu haukubadilika hata kidogo. Nimekwisha kuungama kwa padri, lakini hilo la watoto kuitikia bado linanichoma.

Siku ya nne ukamwambia mumeo hapa sebuleni, mimi nikiwa jikoni nasikia kila neno, "Wewe ni mzembe, Juhani. Kitu kimoja tu nilikuachia."

"Niliviweka juu ya kabati," akasema.

"Basi kabati limevila."

Wiki nzima akalala kwenye lile kochi fupi, miguu inaning'inia. Mimi asubuhi napita kwenda kuwasha moto, nageuza uso pembeni, kwa heshima. Kazi ile akapewa mtu mwingine. Nyinyi mkaanza safari za Mbeya kuomba vyeti vipya, nenda rudi, karatasi hii imekosa muhuri, ile imekosa jina la babu. Na tangu hapo kila kitu kikipotea humu ndani, ufunguo, chaja, hata kijiko, unasema, "Muulizeni baba Elina." Unasema kwa utani na wageni wanacheka. Naye anacheka. Mimi nilikuwa nachota mchuzi nimeinamisha kichwa.

Sasa utaniuliza mtu mzima anafanyaje jambo kama hilo. Nami nimejiuliza mwaka mzima, na jibu nimelikuta mahali ambapo sikupenda kulikuta.

Baba yako alikwenda Chunya kutafuta dhahabu ulipokuwa na miaka miwili. Hilo unalijua. Usichokijua ni kwamba alituita. Alituma ujumbe kwa dereva wa lori kwamba amepata chumba na mtaa una maji, nikusanye vitu nije na mtoto. Nilifunga mizigo. Nilikuwa na furaha, nilimsuka nywele jirani huku naimba. Siku mbili kabla ya safari mama yangu akaugua. Hali chakula, hainuki, anashika tumbo. "Nenda tu," ananiambia, "mimi nitakufa na majirani." Nikafungua mizigo. Siku ya tatu baada ya kuifungua nikamkuta shambani analima.

Sikumuuliza. Katika nyumba yetu hatukuwa tunaulizana. Nikamtumia baba yako jibu kwamba nitakuja baada ya mavuno, na baada ya mavuno nikasema baada ya mvua, kwa sababu mama aliugua tena kila nilipogusa begi. Halafu shimo la Chunya likaporomoka na habari akaja nazo dereva yuleyule. Sisemi kwamba ningemwokoa. Lakini ningekuwa nimekaa naye mwaka mmoja na nusu, ambao nilikaa hapa nikimsikiliza mwanamke mzima wa afya akiguna kitandani. Wewe ungekumbuka sura yake. Nilimkasirikia mama mpaka anakufa, kimyakimya, huku nampelekea uji, na nikaapa kwamba mtoto wangu sitamfanyia hivyo.

Basi nikakufanyia. Mama yangu alitumia tumbo, mimi nikatumia pipa. Nilipokuwa nazamisha mkono kwenye maharage sikumfikiria mama hata kidogo, nilijiona mtu tofauti kabisa.

Sasa nikuambie lililonifungua, kwa sababu si kwamba niliamka tu siku moja nikawa mwema.

Mwezi wa kumi ulikuwa Mbeya unafuatilia vyeti. Mimi nilikwenda mjini kupeleka masweta ya shule. Narudi, nafungua geti, nakuta ua mzima umetandazwa turubai na juu ya turubai maharage yangu yote. Elina akanikimbilia.

"Bibi, baba kaona wadudu kwenye maharage! Tumeyaanika yote, mpaka ya chini kabisa!"

Nikakaa kwenye ngazi. Juhani alikuwa upande wa pili amenipa mgongo kama ilivyo desturi, anachambua mawe na Eliasi. Niliangaza macho kutafuta rangi ya kaki, wapi. Mchana wote nilingoja aseme. Nilijua atakupigia simu. Kila simu yake ilipolia nilitega sikio. Jioni wakayakusanya maharage wakayarudisha pipani, wakaenda kuoga. Nikaingiza mkono mpaka chini.

Bahasha ilikuwa palepale. Ila sasa ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, umekunjwa mara mbili na kufungwa kwa uzi wangu wa masweta, ule wa kijani, fundo zuri la fundi. Alikuwa ameifungua, ameona kilichomo, ameifunga isiingie unyevu, ameirudisha mahali nilipoiweka. Nikiwa bado nimeishika, Elina akasimama mlangoni na taulo.

"Baba anasema sasa hayataharibika hata yakikaa muda mrefu."

"Hayo kayasema yeye, au umeongeza wewe?"

"Kayasema yeye."

Nililia siku ile, Yusta, na nilikuambia ni kitunguu.

Fikiri mambo yalivyokuwa. Kazi ya kwanza ilikwisha kumpotea. Vyeti vipya vilikwisha kuombwa. Angeweza kuingia na bahasha ile sebuleni, akasema hiki hapa, na mama yako huyu hapa, na wewe ungemwomba radhi hata kwa magoti. Alichagua kuendelea kuitwa mzembe. Miaka minane nilijifanya namheshimu mtu huyo kwa kumkimbia, na kumbe heshima yenyewe alikuwa anaijua yeye. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani, hata siku ya karanga.

Na bado sikusema. Usidhani mama yako ni jasiri. Vyeti vipya vikatoka, kazi nyingine ikapatikana, tiketi zikanunuliwa, mimi kimya. Ni wiki tatu tu zilizopita, siku ile ulipowapeleka watoto kuchanjwa, ndipo nilipothubutu. Mimi nilikuwa kwenye mashine, yeye yuko nje chini ya dirisha anatengeneza koki iliyokuwa inavuja. Nikaita, "Juhani."

Akatazama getini akidhani kuna mtu. Sikuwahi kulitaja jina lake.

"Ni mimi. Usigeuke."

Hakugeuka.

"Uliiona bahasha."

"Niliiona, mama."

"Mbona hukusema?"

Akaendelea kukaza koki.  Kisha akasema, "Nilikuwa nangoja unipe mwenyewe. Halafu nikaona unaogopa. Nikasema basi, tungoje vile vingine."

"Yusta anakuita mzembe mpaka leo."

"Ananiita, ndiyo." Nilisikia anacheka kidogo. "Lakini mimi nikiwa mzembe yatapita tu. Wewe ni mama yake, atakwenda nalo mpaka Finland, halafu huku hatakuja tena. Mimi nataka aje. Watoto waje."

Hapo nikaacha mashine. Nikamwambia nitakuambia. Akaniomba nisikuambie, akasema, "Mama, acha tu mpaka tufike huko, tumepumzika." Nikamwambia aingie ndani anywe chai. Akasema mwiko. Mtu wa Finland ananikumbusha mimi mwiko!

"Ingia nimekwambia. Mwiko huo nimeutumia vibaya, sina haki nao tena."

Akaingia, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, magoti yamefika kifuani. Nikammiminia chai. Hatukugusana, na wala sidhani kama tutagusana, si lazima kila kitu kivunjwe siku moja. Ila tulitazamana. Macho yake ni ya kijani. Nina wajukuu wawili kwa mtu yule na sikuwa najua rangi ya macho yake.

Kwa hiyo uliponiuliza mbona siku hizi Juhani anakunywa chai jikoni kwangu, nikakujibu ni uzee, nilikudanganya na hilo pia.

Aliniomba nisikuambie, na ninamkatalia. Si kwa kumdharau. Yeye anakulinda wewe na ananilinda mimi, na katika kutulinda wote wawili amebeba jina ambalo si lake. Umeolewa na mtu makini kuliko wote waliopita katika nyumba hii. Usipande naye ndege ukiwa hujui hilo.

Tangu siku ya koki nimekuwa mwepesi. Nalala usingizi mzima. Leo mchana nililala hata kidogo kabla ya kuandika, jambo ambalo sikulifanya mwaka mzima. Unaondoka kesho na sina kile nilichokuwa nakiogopa. Nimekitafuta kifuani nimekikosa. Nitalia kituoni, lazima nilie, nisipoonekana nalia jumuiya watanisema. Lakini nina nafuu, mwanangu, nafuu kubwa. Kumbe kilichokuwa kinanikaba si nyinyi kwenda. Ni mimi kushika mlango kwa mikono miwili miaka yote hiyo, na mikono ilikuwa imechoka.

Neno langu moja kwako, na si mahubiri, maana sina nguo ya kuvaa kuhubiria. Huko nawe utaogopa. Siku utakapomwuliza Eliasi kwa Kiswahili akujibu Kifini, utaona kama mtu amekuibia. Mimi nimepita hapo. Kuna wiki niliyomnyima Elina andazi mpaka aache kuongea lugha ya baba yake mbele yangu. Unajua alichofanya? Alinyamaza. Na mdogo wake naye akanyamaza. Siku mbili nyumba ikawa haina lugha yoyote, nikabaki mimi na maandazi yangu. Ikabidi mimi ndiye niombe waongee, chochote, hata kama sielewi. Basi ukiogopa, sema unaogopa. Mwambie mumeo, nipigie mimi, mwambie hata Elina, atakutafsiria vizuri. Mimi na mama yangu tuliona aibu kusema neno moja, "naogopa," na angalia tulivyohangaika mpaka tukaanza kuugua na kuficha.

Usiwalazimishe kuongea nami kwenye simu kama wanaosoma somo kanisani. Wakipita nyuma yako wakinipungia mkono inatosha. Kiswahili chao kikipungua usikae nacho moyoni kwamba bibi atasikitika. Wakija tutakifufua, hapa Kihesa watoto wa mtaani ni walimu wazuri, na ada yao ni mpira tu. Na wasipoweza kuja mapema, nina pasipoti sasa, ulidhani ile safari yangu ya mjini juzi ilikuwa ya nyuzi? Nimeiomba mwenyewe. Sijui nitaitumia lini, lakini nimeiomba.

Nilikuwa nimewaza niisukume barua hii chini kabisa ya begi la nguo nzito, uikute huko mkifungua mizigo, mimi nikiwa salama huku ng'ambo ya bahari. Nilikwisha hata kufungua zipu. Nikajionea kinyaa. Nimeficha karatasi za kutosha katika nyumba hii.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo jioni, mkishuka tu kwenye gari, pamoja na ile bahasha ya kaki. Nitawachukua watoto niwaogeshe na kuwalisha, wewe ingia chumbani ufunge mlango. Utakasirika, na una haki. Utakumbuka lile kochi, na safari za Mbeya, na mimi nimepiga magoti namwita mtakatifu. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie leo, uso kwa uso, usisafiri nayo. Na kama kesho utapanda basi bila kuniaga, nitakuwa nimesimama palepale na sitamwambia mtu kwamba umenikosea.

Lakini ukifungua mlango wa chumbani usije jikoni kwanza. Nenda kwa Juhani. Atakuwa nje anafunga mizigo, hajui kama nimeandika. Mwambie unachotaka kumwambia, kaa naye kadiri unavyotaka, msiharakishe chakula.

Yeye amengoja mwaka mzima. Mimi naweza kungoja zamu yangu.

Mama yako